Kibao cha Shingoni: Historia Fupi ya Aibu Darasani

Kipo kifaa cha kufundishia ambacho hakikuandikwa katika orodha ya vifaa vya shule yoyote, wala hakikununuliwa dukani. Mara kilikuwa kipande cha mbao, mara kifungo cha nguo, mara mfupa wa ng'ombe, mara bati lililotobolewa na kutiwa kamba. Hapa kwetu Uganda wanafunzi wengi wamekijua kwa jina la diski, hata pale ambapo hakikuwa na umbo la diski, na katika shule nyingine mahali pake palishikwa na gunia kuukuu ambalo mwanafunzi alivishwa juu ya sare. Kazi yake ilikuwa moja, kumtambulisha mbele ya wenzake yule aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani kwao. Katika makala hii nitakiita kibao. Wewe unayejifunza Kiswahili utakumbuka kwamba neno hilo lina maana nyingine pia, ile ya kofi la shavuni. Nadhani utaona kwamba maana hizo mbili hazikai mbali.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi mno. Asubuhi kibao kilikabidhiwa mwanafunzi mmoja, mara nyingi kiranja. Huyo alitega sikio mpaka amsikie mwenzake akiteleza na kutamka neno la nyumbani, kisha akamvika. Aliyevikwa naye alianza kutega sikio, kwa kuwa njia pekee ya kujivua ilikuwa kumvika mwingine. Kibao kilizunguka kutwa, darasani, uwanjani, bombani, kwenye foleni ya uji, na yule ambaye jioni ilimkuta nacho ndiye aliyeadhibiwa. Utazame mpango huu kwa makini. Fimbo humhitaji mwalimu awepo, anyanyue mkono, aone anachokifanya. Kibao hakimhitaji. Mwalimu aweza kuwa ofisini akisahihisha madaftari, na aibu ikaendelea na kazi yake bila yeye, ikitoka mkononi mwa mtoto kwenda shingoni mwa mtoto.

Siku hizi watu husema sana kuhusu tabia za vijana waliobalehe. Tukiulizwa kwa nini kijana wa miaka 14 amekuwa mkimya, au mchongezi, au mkaidi, au mwenye kuwaonea haya wazazi wake, upesi tunataja simu, makundi rika na malezi ya nyumbani. Ni mara chache tunapoitaja shule yenyewe. Ninakuomba basi tuifuate historia ya kibao, kwa sababu ni mfano wa nadra ambao ndani yake tunaweza kuona, katika muda unaozidi miaka 170, jinsi jambo lililofanywa na walimu lilivyougeuza mwenendo wa wanafunzi. Kibao kilifundisha, tena sana. Ila somo lake halikuwa lile lililokusudiwa.

Ushahidi wa kale ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka mbali na hapa, huko Wales, nchi ndogo iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania. Katikati ya karne ya 19 watu wengi wa Wales walisema Kiwelisi, na wengi miongoni mwao hawakujua Kiingereza hata kidogo. Mwaka 1846 serikali ya London iliagiza hali ya elimu huko ichunguzwe. Makamishna watatu walitumwa, wote Waingereza, wote hawajui Kiwelisi, na mwaka 1847 ripoti yao ikatolewa katika majuzuu yenye majalada ya buluu. Ripoti hiyo iliwaumiza Wawelisi mno. Ilisema lugha yao ni kizuizi cha maendeleo, ikazidharau hata tabia za wanawake wao, na hadi leo wenyewe hulikumbuka tukio hilo kwa jina la usaliti wa vitabu vya buluu.

Ninakueleza hayo ili ujue kwamba makamishna wale hawakuwa marafiki wa Kiwelisi. Walitaka Kiingereza kienee. Hata hivyo, katika kurasa zao wenyewe waliandika habari za kibao, kijiti kilichochorwa maneno, na mmoja wao akaeleza jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulisoma. Alisema kwamba desturi hiyo iliwafanya watoto wanyemelee nyumba za wanafunzi wenzao, wakasikilize kwa siri nani anasema Kiwelisi na wazazi wake, ili kesho yake wamhamishie adhabu iliyokuwa juu ya shingo zao.

Hebu fikiri maana ya jambo hilo. Mtoto amevikwa kibao shuleni, siku imekwisha, amerudi kijijini. Badala ya kwenda kucheza, anasimama chini ya dirisha la jirani, gizani, akisikiliza mama akimwita rafiki yake aje kula. Hakuna mwalimu aliyemwagiza afanye hivyo. Hakuna somo la upelelezi katika ratiba. Ameelewa mwenyewe, kwa akili yake timamu, kwamba katika mpango huu usalama wake unatokana na kuanguka kwa mwenzake. Laiti tungemkuta pale dirishani tungesema ana tabia mbaya. Lakini tabia hiyo ilichongwa shuleni, sawasawa na kile kijiti.

Yuko shahidi mwingine wa Wales ambaye ninampenda zaidi. Owen Morgan Edwards alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Llanuwchllyn, katika nyumba iliyosema Kiwelisi tu. Alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu za utoto wake, akaeleza jinsi alivyovikwa kibao siku baada ya siku, kana kwamba kamba ile ilikuwa na akili ya kuitafuta shingo yake. Faraja yake, asema, ilikuwa moja: hakujaribu hata mara moja kujivua kwa kumvika mwingine. Alikaa nacho, akapokea adhabu ya jioni. Mtoto huyo baadaye alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1907 akafanywa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, cheo alichokitumia kuirudisha lugha ya nyumbani darasani.

Wapo watakaodaka mfano huo na kusema: umeona, kibao hakikumzuia kufika Oxford! Mimi nauona kinyume. Tunamjua Edwards kwa sababu alikuwa mtoto wa aina yake, aliyeweza kubeba aibu ya watu wote bila kuigawa. Wengi hawawezi, wala haki haitaki tuwadai uwezo huo wakiwa na miaka 9 au 13. Tena hata Kiingereza chenyewe hakikuingia kwa njia hiyo. Ripoti za zama zile zimejaa habari za watoto wa Wales waliosoma kurasa nzima za Kiingereza kwa sauti kubwa pasipo kuelewa sentensi moja. Mtoto aliyekatazwa lugha anayoijua, hali ile nyingine hajaijua, hubaki na kitu kimoja tu, kunyamaza. Na kunyamaza hakujawahi kumfundisha mtu kusema.

Ili tuwe waadilifu, ni lazima niseme pia kwamba kibao cha Wales hakikuamriwa na sheria yoyote. Walimu walikitumia kwa hiari yao, na wazazi wengi walikubali, wakiamini kwamba Kiingereza ndicho kitakachowatoa watoto wao katika umaskini. Msomaji wa Kampala, Nairobi au Kigali hatashangaa. Mkono unaomvika mtoto kibao mara nyingi ni mkono unaomtakia mema.

Wala kibao hakikuwa cha Waingereza peke yao. Kule Brittany, magharibi mwa Ufaransa, watoto waliosema Kibretoni walivishwa kitu kama hicho hadi karne ya 20. Wafaransa walikipeleka katika shule za makoloni yao ya Afrika Magharibi, wakakiita alama, na mwandishi Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire akakitia katika riwaya yake Climbié iliyotoka mwaka 1956. Kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, watoto waliosema lugha ya visiwani walivishwa kibao cha mbao mwanzoni mwa karne ya 20, nacho kilihamishwa kutoka mtoto hadi mtoto vilevile. Nchi ni mbalimbali na lugha ni mbalimbali, lakini mchezo ni ule ule.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Nchini Kenya, miaka mingi kabla ya kibao kuwafikia watoto, baba zao walikuwa wamekwisha kuvaa cha kwao. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande, yaani hati iliyoonyesha yeye ni nani na amefanya kazi kwa nani, na hati hiyo ilitiwa katika kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wanaume waliona wamefanywa mbuzi waliofungwa kengele. Kipande kilipigwa vita kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1940 kikaondolewa. Sijapata kusoma popote kwamba walimu wa miaka ya 1950 waliiga kipande walipowavisha watoto bati shingoni, nami sitadai hivyo. Nasema tu kwamba mtoto yule alikuwa mwana wa baba yule, na kwamba nyumbani kulikuwa na mtu aliyejua uzito wa bati lile.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Shule huru zilizoanzishwa na Wakikuyu wenyewe zikafungwa au zikawekwa chini ya bodi za elimu za wilaya. Mmoja wa wanafunzi wa shule hizo alikuwa kijana wa miaka 14 ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Miaka minne ya kwanza alikuwa amefundishwa kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani, ya shambani na ya hadithi za jioni. Ghafla Kiingereza kikawa lugha ya shule, na aliyekutwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa, au alitozwa faini, au alivishwa bati lenye maandishi ya kumwita mjinga au punda. Ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukoloni wa akili. Anasimulia pia jinsi wakosaji walivyopatikana: kifungo kilipewa mwanafunzi mmoja, kikahamishwa kwa kila aliyeteleza, na jioni aliyebaki nacho akamtaja aliyempa, naye akamtaja wake, mpaka wakosaji wote wa siku ile wakajulikana. Na hukumu yake juu ya mpango huo ni kwamba uliwafanya watoto wawindaji, ukawafundisha mapema kwamba kuna faida katika kuwasaliti watu wa kwenu.

Weka maelezo hayo kando ya ile ripoti ya mwaka 1847. Kamishna Mwingereza asiyeipenda lugha ya watoto, na mwandishi Mkikuyu aliyeipenda lugha yake kuliko cheo, wametenganishwa na karne nzima na bahari, nao wanasema neno moja. Wote wawili hawakulalamikia maumivu ya fimbo kwanza. Walilalamikia jinsi watoto walivyogeuka kuwa macho na masikio ya adhabu.

Kwa nini walimu walifanya hivyo? Jibu moja limo katika kitabu hicho hicho. Ngũgĩ anamkumbuka mwanafunzi mwenzake aliyefaulu kwa daraja la juu katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake kwa jumla zilikuwa za chini kuliko za huyo, alipata nafasi katika shule ya upili ya Alliance kwa sababu Kiingereza kilimkubali. Mwalimu aliyeyaona hayo mwaka hadi mwaka alijua kwamba lugha moja inaweza kumpeleka mtoto Alliance au kwenye mlango wa basi. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Aliichukua hofu hiyo akaifunga kamba, akaivika shingo ya mtoto.

Kwetu Uganda mambo yana mkunjo wake. Hapa si lugha za nyumbani tu zilizoaibishwa. Kiswahili nacho kina jeraha, ingawa kilijeruhiwa kwa njia tofauti. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, na upinzani ukawa mkali, hasa kutoka Buganda na kwa wamisionari. Kufikia mwaka 1952, mwaka ule ule wa hali ya hatari kule Kenya, Kiswahili kiliondolewa katika lugha za shule zetu, kikabaki katika polisi na jeshi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi wakati huo walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. Ukimwuliza mzee wa Kampala kwa nini hakipendi Kiswahili, hatakueleza habari za ngeli za majina. Atakueleza habari za sauti iliyomwamuru alale kifudifudi barabarani. Lugha huingia na mkono ulioileta, na mkono ukipiga, lugha hukumbukwa kwa kipigo.

Diski nayo ilikuwa na maisha yake. Mwaka 2007 mtaala mpya wa shule za msingi uliagiza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha za mahali pao, hatua njema kabisa. Lakini katika madarasa ya juu, na katika shule nyingi za bweni ambazo wazazi hulipa karo kubwa ili watoto wao waongee Kiingereza, kibao kiliendelea kuzunguka, na hakijakoma. Wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza huja wamekwisha kukivaa. Mimi huwapokea wakiwa na miaka 13 au 14, na baada ya wiki chache naweza kukisia nani alikivaa sana.

Wako wanaonyamaza. Ukiwauliza swali, wanajibu kwa neno moja, wakiwa wamelipima kwanza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Walimu wenzangu huandika katika ripoti kwamba mwanafunzi huyu ni mzito. Si mzito, umtazame akiwa na wenzake nyuma ya bweni, uone jinsi anavyosimulia. Wako wanaochongea, wepesi kuleta ofisini majina ambayo hukuyauliza, na baadhi yao huteuliwa kuwa viranja kwa sababu hiyo hiyo. Wako waliokifanya kibao nishani, wakashindana ni nani atakivaa mara nyingi zaidi kwa muhula, wakaishia kuiona kila kanuni ya shule kuwa mzaha. Na wapo wale ambao huniuma kuliko wote. Siku ya wazazi kutembelea shule utamwona kijana amesimama kando kidogo ya mama yake, akimjibu kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. Mama amevaa gomesi yake nzuri, amebeba chapati na karanga, anaongea Lusoga au Ateso kwa furaha, na mwanawe anaona haya. Hakuna aliyemwambia kwamba mama yake ni mjinga. Ameambiwa tu, kwa miaka 7, kwamba asemaye namna ile huvishwa gunia.

Umri huu ndio ule ambao kijana hujitazama kwa macho ya wenzake. Mtoto wa miaka 6 akiaibishwa hulia, kisha hukimbilia kwa mama. Kijana wa miaka 14 halii. Hukaa na lile neno, hulirudia usiku, na asubuhi hupanga namna ya kuishi asiaibishwe tena, ama kwa kujificha, ama kwa kumtanguliza mwingine, ama kwa kuonyesha kwamba hajali. Tabia hizo tatu sisi watu wazima huziita kwa majina matatu tofauti, nazo zina mzazi mmoja.

Nimezisikia hoja za upande wa pili mara nyingi, na zingine hutolewa na watu ninaowaheshimu. Samaki mkunje angali mbichi, husema. Sisi tulivaa diski, na leo Kiingereza chetu kimenyooka. Ninawajibu kwamba waliokaa katika chumba cha walimu ni wale ambao mfumo haukuwashinda. Hatuwaoni hapa wale walioacha shule wakiwa wamesadiki kwamba vichwa vyao ni vibovu. Wanasema pia kwamba darasa lina wanafunzi 80, mwalimu ni mmoja, naye hana njia nyingine. Hoja hii ni nzito zaidi, na sitaipuuza. Mwalimu aliyeachwa peke yake mbele ya watoto 80, akidaiwa matokeo na mzazi, mkuu wa shule na wizara, naye amevaa kibao chake.

Lakini je, walimu wanaweza kubadilika? Katika wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala, watafiti walizichunguza shule za msingi 42. Mwanzoni waliwahoji wanafunzi, wengi wao wenye umri wa miaka 11 hadi 14, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule. Tena ilionekana kwamba wasichana waliopigwa katika wiki ile walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusumbuka kihisia na kufanya vibaya darasani. Kisha nusu ya shule zile zikaingizwa katika mpango wa shirika la Raising Voices, ambao uliwakalisha pamoja walimu, wanafunzi na viongozi wa shule ili wajadili adhabu, sifa na heshima. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa karibu nusu katika shule zilizoachwa kama zilivyokuwa, na chini ya theluthi katika zile zilizoingia katika mpango. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Walimu walikuwa wale wale, wenye mishahara ile ile.

Mwaka uliofuata, 2016, sheria ya watoto ya Uganda ilirekebishwa, adhabu ya viboko ikakatazwa shuleni. Kenya ilikuwa imetangulia: sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili na kisaikolojia. Neno hilo la mwisho lina uzito kwa somo letu. Kiboko huacha alama ambayo mzazi anaweza kuipeleka kituo cha polisi. Kibao hakiachi alama. Na nahofia kwamba pale ambapo fimbo imewekwa chini, ulimi umeokotwa badala yake. Nimesikia mwalimu akijisifu kwamba tangu sheria ije hajampiga mwanafunzi yeyote, na baada ya dakika kumi nikamsikia akimwita msichana kwa jina la mnyama mbele ya darasa zima.

Nimeyaandika haya katika wakati ambao Kiswahili kimerudi kwa heshima. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa Kiswahili tulikuwa tumesubiri kwa miaka mingi. Sasa tunadaiwa matokeo kama wenzetu wa Kiingereza, na muhula uliopita, katika mkutano wa idara ya lugha wa shule moja ambayo sitaitaja, ilipendekezwa kwamba Jumatano iwe siku ya Kiswahili, na atakayesikika akisema lugha nyingine avishwe kibao. Aliyependekeza ni mwalimu hodari, mwenye kuipenda lugha hii kwa dhati. Alisema Kiingereza kimefaulu kwa njia hiyo, kwa nini Kiswahili kinyimwe?

Niliwasimulia habari za watoto waliosimama chini ya madirisha huko Wales. Wengine walicheka, wengine wakanyamaza, na mwenzetu mmoja akauliza swali la haki: basi tufanye nini, maana mtihani unakuja na watoto hawasemi? Nilieleza ninavyofanya mimi, ijapokuwa si dawa ya kila kitu. Mwanafunzi asiyejua neno huruhusiwa kulisema kwa lugha ya kwao, kwa sauti, na darasa zima humtafutia la Kiswahili. Maneno yote mawili huandikwa ubaoni. Msemaji wa Luganda huona kwamba ennyumba ni nyumba, embwa ni mbwa, omuti ni mti, naye hutabasamu kama mtu aliyekutana na binamu yake mjini. Waacholi na Wateso, ambao lugha zao si za Kibantu, hawana wepesi huo, na kwao nahitaji muda mrefu zaidi na vichekesho vingi. Kazi huenda polepole. Katika kidato cha kwanza cha mwaka jana ilichukua hadi wiki ya tisa ndipo msichana mmoja kutoka Lango, aliyekuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu, alipoinua mkono na kutoa sentensi nzima, yenye makosa mawili ya ngeli. Niliyaacha makosa hayo hadi kesho yake.

Mkutano haukuamua. Pendekezo la Jumatano limekubaliwa. Suala la kibao limeahirishwa hadi muhula ujao, na nimeombwa niandike maoni yangu kwa wajumbe kabla ya siku hiyo.